Tuliiuliza Mashine ya Redio Inaweza Nini

Mimi si mtu wa subira, na mtaa mzima wa Mulongwe unalijua hilo. Nilikuwa na sekretaria, ndivyo tunavyoita mjini kwetu Uvira kile kibanda cha kupiga barua kwa kompyuta, kutoa fotokopi na kuchajisha simu. Mteja akiniambia "fanya haraka" mara ya pili, nilimwonyesha njia ya kutokea. Ndiyo maana inanishangaza hadi leo kwamba katika majuma yale ya vita, mama yangu akiwa hajulikani aliko, nilikaa mchana baada ya mchana mbele ya kompyuta moja kuukuu ya redio nikiibembeleza kama mtoto anayekataa uji.

Mama alilima mpunga Bwegera. Nilimwacha huko nilipokwenda Bujumbura kusoma mambo ya kompyuta, na niliporudi nikafungua kibanda changu Uvira, alikataa kabisa kunifuata. "Mujini nitafanya nini? Nitapanda mupunga mu fotokopi?" ndivyo alivyonijibu. Mkisikia nina mdomo, jueni nimeutoa wapi.

Kisha vita vikateremka tena kwenye bonde la Ruzizi. Nasema tena kwa sababu kwetu ukisema vita lazima uulizwe ni vita gani. Asubuhi moja watu wa Bwegera na Katogota walitawanyika. Wengine walipanda milimani, wengine walivuka mto wakaingia Burundi, wengine wakashuka barabara mpaka kwetu, mabeseni kichwani, kuku wamefungwa miguu. Nilisimama barabarani Kavimvira siku ile na siku zilizofuata. Niliwaona majirani zetu, nikaona mpaka mbuzi ninayemjua. Mama sikumwona. Niliowauliza waliniambia walimwona akifunga mlango, basi, baada ya hapo kila mmoja aliokoa roho yake. Simu yake haikupatikana kwa sababu mtandao ulikuwa umekufa bonde zima. Niliogopa. Sifichi, niliogopa mpaka nikawa nazungumza peke yangu njiani.

Kilichobaki ni redio. Redio yetu ya mtaani ilikuwa kijumba juu kidogo ya barabara, na antena yake ilisikika bondeni kote hadi ng'ambo ya mto. Kila adhuhuri kulikuwa na kipindi cha kutafutana. Watu walijaa uani, na mmoja baada ya mwingine walisema mbele ya simu ya fundi wa redio: mimi ni fulani, niko Uvira mahali fulani, namtafuta fulani. Kutoka upande wa Burundi, ujumbe uliletwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa na njia zake za kuvuka mpaka. Aliubeba ndani ya kle, kale kadude kadogo ka kuwekea faili unakochomeka kwenye kompyuta, na aliificha kwenye kilemba.

Nilisema ujumbe wangu siku ya kwanza kabisa. Adhuhuri nikafungua redio nijisikilize, na sikuelewa neno hata moja. Pale uani palikuwa na jenereta ya jirani, kinu cha kusaga mihogo, watoto wanaolia, na upepo wa ziwa juu ya yote. Sauti zilitoka zimechafuka vibaya. Kama mimi niliyesema sikujielewa, mama angeelewa vipi, tena na lile sikio lake la kushoto lililokuwa limechoka tangu zamani?

Mkurugenzi wa redio, tuliyemwita direktere, alituita ofisini fundi wake na mimi, niliyejulikana kwa mambo ya kompyuta. Alikuwa mtu wa maneno machache na njiti ya meno mdomoni muda wote.

"Bantu ba mujini banapiga simu," alisema. "Banauliza, ile ni muntu ao ni mvua? Minye siwezi kuendelea vile. Kama mpaka Siku ya Mungu hamujatengeneza ile sauti, naondoa kipindi, naweka miziki." Siku ya Mungu kwetu ni Jumapili.

"Miziki!" nilimrukia. "Bantu banatafuta bamama zabo, weye unataka kubachezesha?"

"Afazali muziki, unasikika."

Nilitaka kumjibu neno ambalo lingenifungia ule mlango milele. Nikalimeza. Badala yake nikaionyesha kompyuta yake kwa kidole: "Unipatie ordinateri yako. Nitakusafishia ile sauti." Fundi alinitazama kama mtu aliyesikia mwenziwe akiahidi kuhamisha ziwa. Lakini sikuwa nabahatisha. Nilijua kuna programu iliyoandikwa na watu wa mbali nisiowajua na kugawiwa bure, inayosikiliza kelele, ikaizoea, kisha ikaitoa na kuacha sauti ya mtu. Nilikuwa nayo, pamoja na maandishi yake ya asili. Na kile kipindi ndicho kilikuwa njia pekee ya kumfikia mama. Kikifa, ningebaki na nini?

Nikaiweka kwenye kompyuta ya redio jinsi ilivyokuja. Ilifanya kazi, naam, lakini polepole kiasi cha kukera. Ujumbe mfupi wa mtu mmoja ulichukua muda wa kupika maharage. Redio ilikula umeme wa batri iliyolishwa na jua, na jenereta iliwashwa wakati wa matangazo tu. Kabla ujumbe haujamaliza kusafishwa, batri ilikuwa imelegea na kioo kimezimika. Direktere akapita mlangoni.

"Ile programu iko inakula batri yetu bure," alisema, akaenda zake.

Hapa lazima nieleze kidogo, na nitaeleza kama nilivyomweleza fundi. Programu huandikwa na watu kwa maneno ya watu. Mashine haielewi maneno hayo. Kuna programu nyingine, inaitwa kompilateri, ambayo kazi yake ni kuyachukua na kuyageuza kuwa amri ambazo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaweza kuzifuata. Sasa, prosesa hazilingani. Zile za zamani hujumlisha namba moja moja. Nyingine zimefundishwa amri za ziada, zinachukua namba kadhaa na kuzijumlisha kwa mkupuo mmoja. Na kusafisha sauti si kitu kingine ila kujumlisha na kuzidisha, kujumlisha na kuzidisha, mpaka uchoke. Lakini kompilateri isipojua programu inakwenda kwenye mashine gani, inatumia amri zile tu ambazo kila mashine inazijua. Ni kama kupikia watu wa harusi. Huweki pilipili, huweki tangawizi, kwa sababu hujui nani hali nini, na mwisho wote wanakula chakula kisicho na ladha.

"Kwa hiyo tuiambie inapikia nani," alisema fundi.

"Njo vile," nilimkubalia.

Na njia ya kuiambia ipo. Kuna neno moja unaliongeza kwenye amri yako, maana yake ni: tengeneza kwa ajili ya mashine hii hii. Kompilateri ikikuta neno hilo, kwanza inaigeukia prosesa na kuihoji. Wewe ni nani? Umetoka kiwanda gani, ukoo gani, unaweza nini? Prosesa inajibu, na kompilateri inapanga kazi yote kufuatana na majibu hayo.

Siku hizo Uvira umeme ulikuwa ukija kwa zamu. Mulongwe wakiwa nao, Kimanga wako gizani, na kesho kinyume chake. Sote tulizoea. Kazi uliifanya penye kuran, yaani umeme, kisha ukaibeba kwenye kle mpaka inapohitajika. Mwanafunzi aliandika kitabu chake cha kumalizia masomo nyumba hii na nyumba ile, akikimbiza umeme mjini kote. Hata mimi barua za wateja nilizipiga kwa shemeji na kuzichapisha kwa padri. Ukimkuta mtu na kle mkononi, humuulizi anakwenda kwenye kompyuta gani, unamuuliza: "Kuran iko wapi leo?"

Siku ile ilikuwa Kimanga, nyumbani kwa binamu yake fundi, ambaye kazini kwake alikuwa amepewa kompyuta ya mapajani mpya kabisa, bado ina ngozi ya plastiki juu ya kioo. Tukakaa mezani. Nikaandika amri yangu na lile neno. Kompilateri ikafanya kazi yake, tukajaribu programu kwa ujumbe wa mzee mmoja wa Runingu anayemtafuta mkewe.

Yee! Sikuwa nimemaliza kutafuna ndakala moja, dagaa wetu wa ziwani, ujumbe ulikuwa tayari. Sauti ya mzee ilitoka safi, ukasikia mpaka anavyomeza mate kabla ya kutaja jina la mke. Fundi aliinuka akacheza, kijana mrefu yule, kichwa kikagonga taa.

"Yaya, tumeshinda!" alipiga kelele. Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita.

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele. Njiani niliwasalimia watu niliokuwa nimeacha kuwasalimia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, nilimwona mama tayari amekaa mlangoni kwangu anakosoa jinsi ninavyofagia.

Redioni tulichomeka kle. Direktere alisimama nyuma yetu. Nikaita programu, na haikuchukua hata pumzi moja. Ikaandika kwa Kifaransa kwamba imekuta amri isiyo halali, ikafa.

"Njo hii?" aliuliza direktere.

Tulifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Tukailaumu kle. Tukalaumu virusi. Tukalaumu joto. Tukarudi Kimanga mbio, tukatengeneza upya, programu ikatembea kule bila taabu, tukaibeba kwa kle nyingine ya kuazima. Redioni ikakuta amri isiyo halali, ikafa. Nikamfokea fundi kwamba anaichomoa kle vibaya. Naye akanifokea.

"Yaya, minye siyo adui yako!"

"Adui yangu ni nani basi? Unionyeshe, nimupige!"

Uani watu wakageuza vichwa. Walikuwa wanangoja zamu yao ya kusema mbele ya simu, na walituona kupitia dirisha. Mama mmoja akaniambia pole, dada, na ile pole ndiyo iliyonimaliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Siku ya Mungu ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa nimebeba programu iliyokufa mkononi kama mtu aliyebeba samaki aliyeoza sokoni.

Fundi alinifuata. Hakunigusa, alichuchumaa tu pembeni.

"Yaya, tufikirie polepole," alisema. "Kule Kimanga iko inatembea. Hapa iko inakufa. Programu ni ile ile, tumeibeba sisi wenyewe."

"Najua."

"Sasa kule na hapa, kilichobadilika ni nini?"

"Hakuna. Ni kuran tu iko..." Nikasita. Si umeme tu uliobadilika. Nikalikumbuka lile neno. Mashine hii hii. Ipi?

Nilianza kucheka nikiwa bado na machozi, na nilicheka mpaka fundi akaingiwa na wasiwasi. Kompilateri haikukosea hata kidogo. Ilikuwa imeihoji kompyuta iliyokuwa mbele yake, ile mpya ya Kimanga, na ile ikajibu kwa ukweli: mimi naweza kujumlisha namba nane kwa mkupuo. Basi kompilateri ikapanga kazi kwa nane nane. Sisi tukazibeba zile amri za nane mpaka kwenye kompyuta ya redio, mzee ambaye maishani mwake hajawahi kuona jambo kama hilo. Prosesa ikipewa amri isiyoijua haibahatishi, inasimama. Watu wa miji yenye umeme hawawezi kufanya kosa la namna hii. Kwao mashine inayopika ndiyo hiyo hiyo itakayokula. Ni sisi tu, tuliozoea kuukimbiza umeme mpaka tukasahau kwamba tunahama kutoka mashine moja hadi nyingine.

"Tuitengenezee hapa hapa, basi," alisema fundi.

Haikuwezekana. Diski ya redio ilikuwa imejaa nyimbo, kompilateri haikupata pa kukaa, na hata ingepata, batri isingeivumilia. Ilibidi tubaki Kimanga na kuieleza kompilateri kuhusu mashine isiyokuwepo. Hilo pia linawezekana. Inajua prosesa nyingi kwa majina, unaitajia jina na inakumbuka uwezo wake. Fundi akafungua ubavu wa kompyuta ya redio, akafuta vumbi la miaka, akasoma jina. Ilikuwa ya kiwanda ambacho hatukuwahi kukisikia. Tukaenda Kimanga, tukaitajia kompilateri jina lile. Ikatujibu hailijui. Kwa prosesa isiyoijua, kilichobaki kilikuwa daraja la chini kabisa, kufanya kama vile haina uwezo wowote wa ziada. Yaani tungerudi kwenye chakula cha harusi.

Hapo nilikasirika kweli, na hasira yenyewe haikuwa ya kompyuta. Kila nilipokwenda Kavimvira kumuulizia mama nilipita bariere, kamba barabarani na vijana wenye bunduki. Waliniuliza: "Weye ni wa nani? Baba yako ni muntu wa wapi? Mama yako je?" Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mfuliiru. Mama ametoka kwa wale wa bondeni wanaozungumza Kirundi. Kwa hiyo pale kwenye kamba nilimtazama anayeuliza usoni kwanza, kisha nikachagua nusu yangu ya kumpa. Kila siku nusu. Nilichukia jambo hilo kuliko risasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza: weye unaweza nini? Ningemjibu. Naweza kuandika barua bila kosa, naweza kupika sombe ukasahau kwenu, naweza kukutukana kwa lugha nne bila kurudia neno.

"Tusiitajie jina," nilimwambia fundi. "Acha mambo ya jina na kiwanda. Tuiulize yenyewe inaweza nini."

Na hilo kompyuta inalijibu. Kuna mahali ndani yake unaweza kusoma prosesa ikijieleza, na chini ya jina lake kuna vineno vifupi vifupi, kila kimoja ni kazi inayoiweza. Tulirudi redioni tukavisoma kwenye kioo, vichwa vimegusana, fundi akavipiga picha kwa simu. Yale ya nane hayakuwemo, kweli. Lakini mle mle, katikati ya vile vineno, tuliona inaweza nne. Namba nne kwa mkupuo! Mashine ambayo redio nzima iliiita maiti, kumbe miaka yote iliweza nne, na kila programu iliyoletwa pale iliipa moja moja kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza.

"Weye muzee," fundi aliipapasa ubavuni, "mbona ulinyamaza?"

Tukaenda tena Kimanga. Binamu alikuwa ameanza kutuwekea chakula bila kuuliza. Safari hii sikuandika lile neno wala jina lolote. Niliandika uwezo mmoja mmoja kama mashine yenyewe ilivyotuambia, wala sikuongeza hata kimoja cha kuisingizia. Hii unaiweza, hii unaiweza, na hii. Nikakosea herufi, fundi akanirekebisha, nikamwambia anyamaze, kisha nikamwambia asante.

Redioni direktere alikuwa amekaa mlangoni na njiti yake. Alitupisha. Tukachomeka kle, nikaita programu, nikafumba macho. Nilisikia feni ya kompyuta ikianza kuvuma. Nilipofumbua, ilikuwa inafanya kazi. Haikuwa na mbio za ile ya Kimanga, tusidanganyane, lakini ujumbe wa uani wote ulimalizika jua likiwa bado linapiga juu ya paa na batri bado ina nguvu.

Direktere alivaa kaske masikioni akasikiliza ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu. Akaitoa njiti mdomoni.

"Kipindi kibakie," alisema.

Nilidhani amemaliza. Lakini alibaki amesimama, akitazama sakafu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama naye anaweza kusema ujumbe. Mdogo wake alikuwa Runingu, na tangu mapigano yaanze hakuwa na habari zake. Alikuwa ameona haya kutumia redio kwa mambo yake mwenyewe. Mimi na fundi tulitazamana. Siku zote hizo tulikuwa tumemwona ana roho ya jiwe, kumbe alikuwa anaumwa ugonjwa ule ule wetu. Fundi akamshikia simu, naye akasema, na ujumbe wake ukaenda pamoja na wa wengine.

Mimi nikarekodi wangu upya. "Mama, ni minye. Niko Uvira, nyumba ni ile ile, Mulongwe. Minye sikufa. Na weye usikufe, nakuomba." Adhuhuri ukaenda hewani, na kina mama wanaoanika ndakala Kalundu waliniambia baadaye kwamba walisikia kila neno.

Tukaanza kungoja. Habari zikaja, lakini za wengine. Mtu wa Katogota alimpata mkewe milimani, uani wakaimba. Mzee wa Runingu alipata jibu na akaja kutuletea ndizi. Mdogo wa direktere alijitokeza mwenyewe, amekonda, miguu imevimba, na direktere alimkumbatia mbele ya watu wote mpaka njiti ikaanguka. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Halafu nilikwenda nyumbani na furaha ikaishia mlangoni. Kila mama wa vitenge alipoleta kle kutoka ng'ambo, nilisafisha faili moja baada ya nyingine, na kila sauti iliyotoka haikuwa yake. Fundi aliniambia nipumzike, yeye angefanya. Nilimwambia akipenda meno yake asiniguse kiti.

Siku moja mama wa vitenge alichelewa. Saa ya kipindi ilikuwa imefika, jenereta inanguruma, uani pamejaa, ndipo akaingia anahema, akavuta kle kwenye kilemba. "Kambi mupya," alisema. "Bale bantu balivukia juu kule, mbali." Faili zilikuwa zimejaa upepo na mlio wa mahema yanayopigwapigwa. Hukuweza kujua ni mwanamume au mwanamke. Hakukuwa na muda wa kusikiliza kwanza. Tukaziingiza kwenye programu, na kila iliyotoka, fundi aliipeleka hewani moja kwa moja. Kwa hiyo niliisikia pamoja na kila mtu, kwenye kile kipaza sauti kilichotundikwa uani.

Kwanza kilikuja kikohozi. Nilishika mlango. Kikohozi kile ningekijua hata kuzimu.

"Ni minye, mama ya ule binti wa ordinateri, wa Bwegera. Musikilize vizuri, sirudilie. Bibi ya ule fundi wa baiskeli wa kwetu iko hapa. Amezaa, mutoto mwanaume, iko ananyonya muzuri."

Bibi kwetu ni mke, na mume mwenyewe, nyuma ya uwanja, alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Watu walimshika.

"Muzee wa kinu iko hapa, muguu unamuuma, lakini iko anakula. Batoto ba ile nyumba ya karibu na kisima, bote bako na minye, banalala ku mukeka wangu. Mumwambie mama yabo aache kulia, bako bananimalizia mihogo."

"Batoto bangu!" alilia mwanamke kando yangu, akaniparamia shingoni. Na mama aliendelea. Huyu yuko, yule amepona homa, fulani amekwenda kwa shemeji yake lakini ni mzima. Bwegera yangu nzima ilikuwa inapita mle kwenye kipaza sauti, mtu baada ya mtu, na uwanja ukipiga kelele kwa kila mmoja. Nami nikapiga kelele kama mwehu: "Mama, sema yako! Sema habari yako!"

Nyuma ya sauti yake mwanamume akasikika akimwambia: "Mama, saa imeisha, bengine banangoja."

"Ngoja kidogo, sijamaliza! Na weye mutoto wangu," alisema mama, upepo ukapita, "minye niko."

Ikakatika. Alikuwa amewapa wengine muda wake wote, akaniachia maneno mawili. Nililia bila kumwonea mtu yeyote haya, nikamgombeza kwa nguvu kama yuko mbele yangu, na yule mwanamke mwenye watoto akawa ananipangusa uso kwa kitenge chake, akicheka, akiniuliza leo hii tunamtumia jibu gani.